Tundu Kwenye Mti wa Upinde

Tundu lenyewe lilikuwa dogo, la kupitisha sindano ya kushonea magunia, ila lilikaa mahali pabaya, karibu na pale mkono wa mpigaji ungeshika. Fundi cherehani aliliona siku alipopanda stuli kuuteremsha ule mti wa upinde ambao marehemu baba yake aliuacha darini ukauke. Aliupigapiga kwa kiganja, ukadondosha unga mweupe. Mdudu alikuwa amekwishapita humo.

"Vipi, mzima?" mama yake akauliza kutoka chini, ameshikilia miguu ya stuli.

"Mzima, mama."

Jioni ileile, mama akiwa jikoni, alikoroga unga wa mbao na gundi, akaliziba lile tundu, akalipiga msasa mpaka akawa halioni hata yeye mwenyewe.

Alikuwa na shida yake: upinde alikuwa nao, mishale hana. Mashindano ya kulenga shabaha yalikuwa yamekaribia, na safari hii waandaaji walikataa mishale ya kiwandani. Walitaka ya mti, iliyochongwa kwa mkono. Aliyeweza kuichonga ikaruka bila kuyumba, mji mzima, alikuwa mjomba wake, kaka wa mama yake, na mjomba hakuwa mtu wa kushawishiwa kwa pesa. "Mishale nitakupa," alimwambia. "Wewe niletee ule mti wa baba yako, ngoma droo." Mti mzuri wa upinde hukauka kwa miaka, na huu mjomba alikuwa ameumezea mate tangu shemeji yake yu hai.

Karakana ilikuwa nyuma ya nyumba ya mjomba, chumba kirefu chenye dirisha moja, sakafu imejaa maranda. Binamu yake, binti wa mjomba, alikuwa akiyafagia. Mjomba aliitikia shikamoo bila kumtazama. Macho yote yalikuwa kwenye mti. Akaugeuza, akaunusa, akauinua usawa wa dirisha kuangalia kama umepinda. Kisha akaupitishia kidole gumba polepole, kutoka ncha moja kwenda nyingine. Kidole kikasimama.

"Hili ni jicho la tawi?"

Fundi cherehani aliyatazama maranda sakafuni. "Mimi nitajuaje, Mjomba? Fundi ni wewe."

Mjomba akacheka. "Kweli. Na shemeji yangu hakuwa mtu wa kutunza kibovu darini." Akatoa bunda la mishale lililoviringishwa kwenye kitambaa, akamwekea mikononi. Ilikuwa minyoofu, manyoya yake yamefungwa kwa uzi mwembamba, duru kwa duru. "Usimwazime mtu. Mshale ni kama mswaki."

Alikuwa ameshafika mlangoni mjomba aliposema, "Huyu binamu yako sasa ataacha kunisumbua. Upinde ni wake."

Fundi cherehani aligeuka. Siku zote alidhani mjomba anautaka mti kwa fahari tu, achonge upinde autundike ukutani wageni wausifu. Binamu alikuwa ameegemea ufagio, anachekelea hadi masikioni. Hapo ndipo pa kusema. Akaaga, akaondoka.

Mishale ilikuwa mizuri kuliko alivyotarajia, na hilo ndilo lililomtesa. Kila alipoachia kamba, mshale ulikwenda kama umetumwa, naye badala ya kufurahi aliona lile tundu. Alijiambia huenda mdudu hakuingia ndani sana. Alijiambia mjomba atalikuta akichonga. Kwenye cherehani alifumua zaidi kuliko alivyoshona.

"Mwanangu, hiyo kola unaiweka kwenye mkono," mama yake alimwambia. "Una nini?"

"Usingizi tu, mama."

"Usingizi hautafuni kucha."

Basi mchana mmoja simu ikaita. Alikuwa binamu, na nyuma yake tupa ilisikika ikikwaruza mti. "Dada, upinde umekwisha. Baba anapiga tupa ya mwisho, kisha anaufunga kamba, na wa kwanza kuuvuta ni mimi. Ukichelewa shauri yako."

"Sikiliza, usiu—"

Simu ilikuwa imekatwa. Akapiga tena, iliita weee, hakuna wa kuipokea. Akapiga ya mjomba. Imezimwa kama kawaida yake. Alichukua bunda la mishale, hata hakujua kwa nini, akakimbilia barabarani na tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni, akadandia pikipiki ya kwanza.

"Kimbia, kaka. Tafadhali."

"Kuna mgonjwa?"

"Bado," alisema.

Alipoingia uani, binamu alikuwa amesimama katikati, upinde mkono wa kushoto, vidole vitatu kwenye kamba. Mjomba alikuwa pembeni yake, ameinamisha uso karibu na mti ili aone jinsi unavyokunjika. "Polepole," alikuwa akisema. "Ongeza kidogo. Ongeza."

"Acha!"

Binamu alishtuka, nusura aiachie kamba.

"Irudishe taratibu," fundi cherehani akasema, pumzi hana. "Uweke chini. Mti una tundu. Mdudu aliula. Mimi ndiye niliyeliziba."

Mjomba aliuchukua upinde mkononi mwa binti yake, akaukwaruza pale karibu na mshikio kwa ncha ya kisu. Kidonge cha gundi kikabanduka, kikaanguka. Alikitazama chini pale.

"Nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza, Mjomba."

Mjomba aliufunga upinde kwenye nguzo, akaunganisha kamba ndefu katikati ya ile ya upinde, akaipeleka mpaka ndani ya karakana. "Ingieni wote. Nyuma ya ukuta." Wakaingia. Kutoka kule ndani akaanza kuivuta, kidogokidogo. Kwenye pembe ya dirisha waliuona mti ukikunjika vizuri, duara safi, na kwa kitambo fundi cherehani alimwomba Mungu uvunjike, kisha akaomba usivunjike, na hakujua ni lipi analotaka.

Ulitoa mlio kama bamba la bati lililopigwa jiwe. Walipotoka, nusu ya chini ilikuwa inaning'inia kwenye nguzo. Nusu ya juu ilikuwa imejichomeka kwenye mbao za mlango wa choo, ng'ambo ya ua, na bado ilitikisika. Ndani ya mti mlikuwa na njia ya mdudu pana kama penseli.

Binamu alijishika shavu, akakaa chini kwenye kizingiti. Mjomba alikaa naye, mkono begani mwake, akitazama mlango wa choo.

Fundi cherehani aliweka bunda la mishale mbele yao. "Nimeirudisha."

"Mishale hiyo niliichonga kwa ajili ya upinde wako," mjomba alisema. "Kwa mwingine ni kuni. Ichukue."

"Siwezi, Mjomba."

"Basi iache hapo. Mimi sikupi, wala sikunyang'anyi. Ila mti wangu nautaka."

"Darini hakuna mwingine."

"Msituni upo."

Kwenye mashindano hakwenda. Mama yake alipojua yote hakumfokea. Alimwambia tu, "Baba yako angeona aibu," akarudi jikoni, na afadhali angefoka. Jumapili asubuhi fundi cherehani alimkuta mjomba mlangoni kwake, ana shoka na kamba, binamu nyuma yake kabeba chupa za maji. Hawakuingia ndani. Fundi cherehani alichukua msumeno wa baba yake, akawafuata.

Walitembea hadi jua likapanda, mjomba mbele, akigonga mti huu na ule, akitikisa kichwa. Binamu alimpa dada yake maji bila neno, ila alimpa. Mwishowe mjomba alisimama mbele ya mti mmoja mwembamba, ulionyooka, akauzunguka mara kadhaa, akaupapasa gome lote kwa viganja.

"Huu utakauka mpaka wewe uwe na mvi," alisema bila kugeuka. "Na kila mwezi utakuja kuugeuza wewe mwenyewe."

"Nitakuja."

"Haya. Shika hapa."

Akashika.