Komeo la Chini

Asubuhi ile Fundi aliamka amechoka kuliko alivyolala. Magego ya Tingatinga yalikuwa yanaota, na jino la mtoto likiota, nyumba nzima huota nalo. Tingatinga ndiye mtoto wake wa pili, wa kiume, aliyekuwa katika umri wa kusukuma. Alisukuma viti, akasukuma ndoo, akasukuma sahani zenye chakula na dada yake akiwa amesimama. Jina alilopewa alipozaliwa lilibaki kwenye cheti cha kuzaliwa; hata nyanya yake alishalisahau. Dada mtu, ambaye bado kidogo atimize miaka mitano, walimwita Wakili, kwa kuwa hakuwahi kupokea hukumu bila kukata rufaa.

Mama yao alikuwa muuguzi, na wiki hiyo alikuwa zamu ya asubuhi. Aliondoka kabla watoto hawajafumbua macho, viatu mkononi, akinyata kama mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mlangoni akamnong'oneza mumewe, "Maziwa yachemshe kabla hayajaharibika. Nguo ziko kambani. Na tafadhali, usimpe Tingatinga simu."

"Nimpe simu, mimi ni mwendawazimu?" Fundi akajibu.

Kufika saa nne simu ilikuwa kwa Tingatinga, na Fundi alikuwa anamshukuru Mungu kwa hizo dakika chache za amani.

Kazi ya Fundi ilikuwa kuchomelea vyuma. Milango na nondo za madirisha za nusu ya mtaa ule zilitoka mkononi mwake, na watu walimsifu kwamba mlango wake hauna jirani wala ndugu: ukifungwa umefungwa. Wa nyumbani kwake aliutengeneza kwa uchungu zaidi, baada ya wezi kumtembelea jirani. Aliweka kitasa, akaweka komeo la juu, na ili wezi wasiweze kuupinda kwa chini, akaweka komeo lingine karibu na sakafu. Hakuna aliyelitumia komeo hilo mchana. Hakuna aliyefikiri pia kwamba liko kimo kimoja na mtoto anayejifunza kukimbia.

Basi Fundi akabandika sufuria ya maziwa kwenye jiko la gesi, moto mdogo. Alipochungulia dirishani akaona wingu limeshuka, zito kama blanketi lililoloa, na nguo zote za wiki ziko nje.

"Wakili, mama," akamwita binti yake, "mwangalie mdogo wako. Baba anaanua nguo, anarudi sasa hivi. Jiko usiguse."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Na bibi akiniambia niguse?"

"Hata bibi. Hata nani. Usiguse."

Akatoka. Alikuwa ameshabeba nguo kifuani hadi kidevuni, vibanio vimebanwa midomoni, aliposikia mlango nyuma yake ukisema *ba!* Kisha chuma kikakwaruza chuma, taratibu, kwa bidii ya mtu anayejaribu jambo kwa mara ya kwanza. Kisha kicheko. Alikifahamu kicheko hicho; ndicho kilichotangulia kila kitu kilichowahi kuvunjika nyumbani mwao.

Fundi akaenda akasukuma mlango. Haukutikisika. Akasukuma tena kwa bega, na mlango ukamkatalia kama alivyoufundisha.

Kilichofuata ndicho hasa kilichomsumbua baadaye. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kizingiti, nguo mapajani, akaegemeza kichwa kwenye ukuta. Manyunyu yalikuwa yameanza, laini, na hakuna mtu aliyekuwa akimvuta suruali. Hakuna aliyesema "Baba, tazama." Hakuna aliyetaka maji, na alipopewa maji akataka kikombe kingine, na alipopewa kikombe kingine akataka kile cha kwanza. Fundi alifumba macho. Alisikia mwili wake wote ukishuka, kama mzigo uliokatwa kamba. Akawaza, bila kukusudia, "Ah. Afadhali."

Ndipo akakumbuka maziwa.

Nguo zilikwenda matopeni. Alizunguka nyumba mbio hadi dirisha la jikoni. Kioo kilikuwa wazi, kwa bahati, lakini nondo zilikuwa zile zile alizozipanga karibu karibu ili hata mwizi mtoto asipite. Mkono wa Fundi ulipita mpaka kwenye kiwiko, ukakwama. Jiko lilikuwa kwenye ukuta wa pili.

"Wakili! Njoo hapa kwa baba!"

Binti akatokea, mdoli kwapani. "Baba, mbona uko nje?"

"Mdogo wako kanifungia. Sikiliza, mama. Unaliona jiko?"

"Naliona. Sijaligusa."

"Najua hujaligusa. Sasa nataka uliguse."

Wakili akamtazama kwa jicho la mtu anayejua mtego anapouona. "Ulisema nisiguse."

"Nilisema. Sasa nimebadilisha. Uzime."

"Ulisema hata nani akisema."

"Nani siyo mimi! Mimi ni baba yako!"

"Hukusema isipokuwa wewe."

Nyuma yake maziwa yalikuwa yanaumuka, meupe, yakiinuka juu ya ukingo wa sufuria bila haraka. Fundi aliyaona kabla ya mtoto. Yalifurika, yakamwagikia moto, na jiko likafanya *tssss*.

"Umezima wenyewe!" Wakili akashangilia. "Baba, moto umezima! Sikugusa!"

Moto ulikuwa umezima, ndiyo, lakini gesi haikuwa na habari hiyo. Fundi aliisikia inavyotoka, sauti nyembamba kama ya mtu anayepumua kwa meno, na punde harufu ikamfikia dirishani. Tingatinga alikuwa ameingia jikoni akiburuta kiti cha chuma sakafuni, *kwaruu, kwaruu*, na kila mkwaruzo ulimpita Fundi kwenye uti wa mgongo. Aliyejua cheche zinavyozaliwa ni yeye, ndizo zilizomlisha.

"Zungusha kile kidude! Kile cheusi! Wakili, nasema zungusha!"

Kelele hizo zilimleta Mama Mayai, jirani wa ukuta kwa ukuta, mjane mfuga kuku, kanga ikiwa kichwani kujikinga na manyunyu.

"Kuna nini, Baba Wakili? Nani kafa?"

"Watoto wamejifungia, mama. Gesi iko wazi."

"Basi vunja mlango!"

"Hauvunjiki. Nimeuchomelea mwenyewe."

Mama Mayai akautazama mlango, akamtazama na yeye. "Mchimba kisima huingia mwenyewe," akasema, kisha akajisogeza dirishani na kulainisha sauti. "Mjukuu wangu mzuri, zungusha hicho kidude, bibi atakupa yai."

Wakili akarudi nyuma hatua moja. "Hata bibi," akasema, na midomo ikaanza kutetemeka. "Baba, ulisema hata bibi!"

Hapo Fundi akaelewa kwamba mtoto habishani. Mtoto alikuwa amesimama pale pale alipowekwa, ameshika neno la baba yake kwa mikono miwili, na baba huyo huyo anampigia kelele aliachie. Angeweza kufoka tena. Angeweza kumtisha kwa fimbo ambayo hakuwahi kuwa nayo. Badala yake aliinama mpaka uso ukawa sawa na wa binti yake, paji la uso kwenye nondo.

"Wakili. Baba anaogopa."

"Wewe huogopi."

"Naogopa. Naogopa sana. Ile harufu ni mbaya, nami siwezi kufika. Naomba unisaidie."

Wakili alimkagua, pole pole, kama anayetafuta uongo umekaa wapi. Huenda aliona macho. Akamweka mdoli chini, akaufuta mkono kwenye gauni, akalielekea jiko.

"Upande gani?"

Fundi akafungua mdomo, akaufunga. Kulia na kushoto kwa Wakili vilikuwa bado vinabadilishana nyumba. "Uelekeze huku kwa baba. Huku dirishani. Kwanza kisukume ndani, kwa nguvu, halafu kilete kwangu."

Alisukuma. Hakikusogea. Akasukuma kwa mikono miwili, ulimi umetoka nje, kidude kikageuka kidogo, kikasita, kikageuka hadi mwisho. Ile sauti nyembamba ikakatika.

Mama Mayai alitazama pembeni na kujifuta uso, akisingizia mvua.

"Nimekosea?" Wakili akauliza.

"Hapana, mama. Hujakosea. Sasa mshike mdogo wako mkono, mje wote hapa dirishani, mvute hewa na baba."

Walikaa hivyo mpaka harufu ikaisha, watoto ndani, wakubwa nje, Tingatinga akichezea pua ya baba yake kupitia nondo. Ilibaki kazi ya mlango. Komeo lilikuwa jipya bado, gumu kutoka kuliko kuingia, na Wakili alivuta hadi akakaa chini. Fundi akauvuta mlango kuja kwake kupunguza mkazo, bado.

"Lilainishwe," Mama Mayai akashauri. "Mafuta ya kupikia hayapo?"

"Yapo. Wakili, lete mafuta. Kidogo tu. Kijiko."

Kijiko hakikuonekana, kwa hiyo likaja dumu. Nje walisikia *gulu gulu gulu*, ndefu kuliko walivyotarajia, kisha Wakili akisema, "Kidogo tu," kama anayejituliza. Kisha Tingatinga akapiga ukelele wa furaha, na kitu kikateleza kutoka upande mmoja wa chumba hadi upande wa pili.

"Vuta sasa, mama!"

Chuma kikalia, kikaachia.

"Sogeeni! Sogeeni mbali na mlango!"

"Tumesogea! Baba, lakini pana..."

Hakungoja hoja iishe. Aliingia kama askari, mguu wa kwanza ukaenda zake, wa pili ukaufuata, na Fundi mzima akasafiri kwa makalio hadi kwenye mguu wa meza, ambao ulimpokea gotini. Tingatinga, aliyekuwa amekaa katikati ya ziwa la mafuta, aking'aa kuanzia nywele hadi vidole, akapiga makofi.

"Tena!" akasema. Lilikuwa neno jipya, na walilisikia siku hiyo kwa mara ya kwanza.

Fundi akawavuta wote wawili kifuani, wanateleza kama samaki, akawabana mpaka Wakili akalalamika kwamba anabanwa. Mama Mayai akatazama kutoka mlangoni, akavua kandambili ili aingie, akaghairi. "Nitaleta majivu ya kumwaga sakafuni," akasema. "Na yai la yule niliyemwahidi."

Muuguzi aliporudi alasiri, Fundi alikuwa ameshafunga komeo la chini kwa waya lisisogee mpaka atakapolikata, amepiga deki hadi mgongo umegoma, na sakafu bado iliteleza. Nguo za wiki zilikuwa zimerudi kwenye beseni. Watoto walikuwa kwenye karai bafuni, wameloweshwa kwa mara ya tatu, na maji bado yalikuwa na vijiduara vya mafuta. Mama yao aliketi kwenye kiti cha jikoni bila kuvua sare, akasikiliza yote. Simulizi ilipofika kwenye "hata bibi" akacheka hadi machozi. Ilipofika kwenye gesi akaacha kucheka, machozi yakabaki.

"Kuna jambo moja sijakuambia," Fundi akasema. Alikuwa anatazama mikono yake. "Mlango ulipofungwa, nilikaa. Nilikaa chini nikafurahi. Watoto wamefungiwa ndani, mimi nje, na nikasema afadhali."

Mkewe alivua kiatu kimoja, akakishika.

"Kule wodini kuna chumba cha mashuka," akasema. "Zamu ikiisha, kabla sijaja nyumbani, huwa naingia nafunga mlango. Nakaa juu ya mashuka. Sifanyi kitu. Wenzangu wanadhani nasali."

"Kila siku?"

"Karibu kila siku. Leo pia." Akaangusha kiatu. "Nilikuwa nimekaa humo ninyi mkiwa mnafuta mafuta."

Fundi alifikiri ataumia kusikia hivyo. Hakuumia. Alisogeza kiti chake karibu na wake, akamvua kiatu cha pili, akaanza kumkanda kisigino kwa vidole vigumu vya fundi, akikosea kosea mahali penye maumivu.

"Muda mrefu unakaa?"

"Mpaka nitakapowatamani tena."

"Na huwa unatutamani?"

"Huwa nawatamani. Siku nyingine kwa kuchelewa."

Akacheka, naye akacheka, kicheko kifupi cha watu wasio na nguvu za kirefu. Nje mvua ilikuwa inanyesha sawasawa sasa. Kutoka bafuni ikaja sauti ya Wakili, tulivu, ya mtu anayewasilisha shauri.

"Mama? Tingatinga anakula sabuni. Mimi sijamwambia ale. Mimi nilimwambia anuse tu."

Wazazi wakatazamana. Kila mmoja akangoja mwenzake ainuke, na kwa muda kidogo hakuna aliyeinuka.

"Nyingi?" mama akapaza sauti.

"Imebaki kidogo!"

Wakainuka wote wawili, mmoja amevaa soksi, mwingine anachechemea, wakaenda wakishikana mikono kwa sababu ya sakafu.