Baharia wa Ndanai

Usinicheke kabla sijamaliza. Nilikuwa shambani Kiptere, kikapu mgongoni, nachuna majani ya chai, simu ikalia. Mtu wa uokoaji wa baharini, kutoka Mombasa.

"Mama, wewe ni Nyanchoka, mke wa Mageto? Kifaa cha dharura cha jaketi lake la kuokoa maisha kimeingia majini. Kimetuma ishara kwa setilaiti. Namba aliyotuandikia ni yako."

Mageto ni mpishi wa meli. Tangu Machi ananiambia yuko majini, network ni shida. Na kuogelea hajui. Nikakaa kwenye tope nikalia.

"Lakini mama," akasema polepole, "setilaiti inaonyesha yuko Ndanai."

Machozi yakakauka hapo hapo. Ndanai ya Sotik, hata ziwa hakuna! Basi ana mwanamke huko, na nilimwona kwa akili yangu, mpaka rangi ya kitambaa chake. Nikapanda pikipiki na aproni yangu ya chai, matusi nayapanga njiani.

Mwanamke sikumpata. Nilimpata Mageto kando ya dip ya kuogeshea ng'ombe, ananuka dawa ya kupe, jaketi limefura mpaka shingo haigeuki. Isaiah, mwenye ng'ombe, akanieleza akijizuia kucheka: mchungaji wake anaogopa dip, kwa hivyo siku ya kuogesha lazima avae hilo jaketi. Leo ndama amemsukuma ndani.

"Mchungaji?" nikauliza.

Mageto akaangalia chini. "Mama Kemunto, bahari ilinikataa. Nilitapika wiki mbili, nahodha akanishusha. Ningerudi na uso gani, na kanisa lote liliniwekea mikono nikienda?"

Hasira ilinipanda, sikudanganyi. Miezi saba nafunga na kuombea mawimbi, kumbe mtu anakamua ng'ombe. Nikafungua mdomo nimpe zake. Lakini alikuwa anatetemeka, na mimi asubuhi nilikuwa nimeshamlilia kama marehemu. Matusi yote yakanitoroka.

Simu ikalia tena. "Mama, umempata? Ni hatari ya kweli, ama tufute ishara?"

Mageto akanishika aproni.

"Alikuwa anazama," nikasema. "Futa tu. Namrudisha nyumbani."

Jumapili nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda: mume wangu ametolewa majini, mzima. Wakapiga makofi, pasta akalia. Ni maji gani, hakuna aliyeuliza.