Mwanga Kwenye Vikombe

Vikombe viling'aa. Hicho ndicho kitu cha kwanza Msasa alichokiona jioni ile, akiwa amechuchumaa jikoni na sufuria mapajani. Vikombe vitano vya bati vilikuwa rafuni, na kila kimoja kilikuwa kimeshika nukta ya mwanga kama jicho la paka. Nje, gari la Mzee lilikuwa limeingia uani, pua yake ikitazama mlango wa jiko uliokuwa wazi.

Injini ikazimwa. Vikombe vikarudi kuwa vikombe.

"Chai iko tayari?" Mzee aliuliza kabla hajafika mlangoni. Alikuwa akipangusa macho kwa kitambaa. "Leo nimeamsha ndege wa njia nzima. Miti nimeiona, jani kwa jani. Barabara tu ndiyo sikuiona."

"Punguza mwendo, mume wangu," mama alisema.

"Nikipunguza tena, maziwa yatafika yamekuwa mtindi."

Mama alicheka, lakini alimpa chai kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mgonjwa dawa.

Kila jioni Mzee alitoka na pikapu tupu kwenda kwa wafugaji, jua likiwa bado lipo. Alirudi giza limeingia, madumu ya maziwa yamejaa nyuma. Alipitia nyumbani kunywa chai ya kusimama, kisha akaendelea hadi kiwandani kushusha mzigo. Wiki iliyopita alikuwa amekwaruza nguzo ya daraja. Madumu mawili yalimwagika, na maziwa yakatiririka mtoni mbele ya macho yake. Mwenye gari, mwanamke ambaye kila mtu alimwita Mama Maziwa, hakumgombeza. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Sikuchukii, mzee wangu," alimwambia. "Umenifanyia kazi miaka kumi na sita. Lakini barabara haina huruma. Jumamosi jioni nitakuja kuchukua ufunguo. Labda uniambie umepata macho mengine."

Mzee alijaribu. Alinunua sokoni glopu kali za taa za gari, za rangi ya buluu, akazifunga mwenyewe. Barabara haikuonekana zaidi. Madereva waliokuja mbele yake ndio waliokiona cha moto. Walimpigia honi na kumtukana mama yake, aliyekwisha kufa zamani.

"Ni macho," alisema jioni ile, akirudisha kikombe. "Macho ni kama betri, binti yangu. Kwenda nakwenda vizuri, kurudi yameisha chaji."

Msasa aliinamisha kichwa. Alitaka kusema jambo, ila hakulijua bado. Saa nne Mzee aliporudi, gari likiwa limeshusha mzigo, Msasa alikuwa amekaa jikoni anasubiri. Mwanga uliingia mlangoni, ukavuka sakafu, ukaishia kwenye mfuniko wa ndoo ya maji. Vikombe vilikuwa gizani.

Kesho yake alichukua kipande cha mkaa. Gari lilipokuja na mzigo, aliweka alama ukutani pale mwanga ulipokomea. Liliporudi tupu, akaweka nyingine. Kati ya alama na alama palikuwa na shibiri mbili kamili.

Mama aliziona asubuhi. "Nani amenichafulia ukuta?"

"Mimi."

"Unachora nini?"

Msasa alitabasamu, akachukua kanga yake, akaenda kazini.

*

Gereji ilikuwa uwanja mmoja wenye ukuta mrefu uliopakwa chokaa, mabati juu ya nusu yake, na bomba moja la maji. Fundi wa umeme wa magari aliitwa Fundi Nyaya. Alikuwa mtu wa maneno mengi na mikono mepesi, na ndiye aliyempa yule binti jina la Msasa, kwa sababu kazi yake ilikuwa kusugua vioo vya taa vilivyopata ukungu. "Msasa hauna mdomo," Fundi alipenda kuwaambia wateja, "lakini ukipita mahali, utajua umepita."

Mzee ndiye aliyemleta hapo. Msasa alikuwa ameacha shule darasa la tano, baada ya ugonjwa uliomlaza miezi mingi. Aliporudi alikuta wenzake wamesonga mbele, yeye akawekwa na watoto wanaomfika kifuani. Aliinuka katikati ya somo, akatoka, hakurudi. Mama alilia. Mzee hakusema neno. Siku chache baadaye alimshika mkono, akampeleka gereji, akamwambia Fundi, "Huyu haongei, lakini anaona."

Hilo neno lilimkaa Msasa moyoni miaka yote. Kuna watu wanaopewa vyeti. Yeye alipewa lile.

Jumamosi mchana Mzee alileta pikapu. Fundi Nyaya alizunguka taa za mbele, akagonga kioo kwa kucha.

"Hivi ni vioo au ni kucha za bibi yangu? Vimekuwa njano hivi! Na hizi glopu za disko nani alikuuzia?"

"Nilitaka kuona mbali."

"Umeona?"

"Nimeona matusi."

Fundi alicheka hadi akashika kiuno. Kisha akawa mtu wa kazi. Alichomoa glopu za buluu, akafuata nyaya mpaka kwenye swichi, akatikisa kichwa. Nyaya zilikuwa za zamani, nyembamba, zimechoka. Umeme ulifika kwenye taa ukiwa umeishiwa pumzi. Aliweka nyaya nene mpya kutoka kwenye betri, akaweka rilei ya kuzipa taa umeme moja kwa moja bila kupitia swichi, akachagua glopu za kawaida zinazolingana na gari.

Vioo vilikuwa vya Msasa. Aliloweka msasa wa kwanza, ule mkali, akaanza kusugua kwa mviringo. Mara ya kwanza kioo huharibika zaidi. Huwa cheupe kabisa, kama macho ya mzee asiyeona, na mteja akichungulia hushika kichwa. Halafu huja msasa laini, halafu laini kuliko huo, maji yakichuruzika mpaka kwenye viwiko, halafu kitambaa na dawa ya kung'arisha. Mzee alikaa juu ya tairi akimtazama.

"Taratibu," alisema. "Usije ukanitoboa jicho."

Msasa alicheka bila sauti. Mzee akamgeukia Fundi.

"Unamwona huyu? Alikuwa na miaka kumi na moja. Mimi wakati huo ni mpangaji tu pale kwa mama yake. Homa ikampanda usiku, nikampakia kwenye gari hili hili. Taa moja imekufa, nyingine inawaka kama kibatari. Mpaka hospitali, kilomita ngapi sijui. Yeye kalala kama gunia, hajui lolote! Kesho yake nikaenda kumjulia hali, na kesho kutwa, na mtondo..."

"Ukawa unamjulia hali mama," Fundi alisema.

"Na mpaka leo namjulia."

Msasa aliinamia kioo, akasugua kwa nguvu mahali palipokwisha kung'aa.

*

Giza lilipoanza kuingia, Mama Maziwa alifika, mkoba begani. Hakutaka kukaa. Fundi Nyaya alikuwa ameliweka gari mbele ya ukuta, hatua kumi, kama alivyofanya kwa kila gari, na alikuwa amechora ukutani mstari wa chaki ya buluu. Aliwasha taa. Mwanga ulitoka mweupe, umetulia. Kwa bisibisi alizungusha skrubu nyuma ya taa, kidogo kidogo, hadi ukingo wa mwanga ukakaa juu ya mstari kama kitabu juu ya meza.

"Tazama hapo!" alisema. "Hata mimi nimejisifu."

"Nzuri," alisema Mama Maziwa. "Zilipimwa hapa na mwaka jana pia, Fundi. Kwenye mstari huo huo. Naye nguzo aliigonga."

Mzee aliingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo. Ulikuwa na kamba nyekundu, iliyofifia kwa kushikwa.

Msasa alihisi maneno yakipanda hadi kooni, yakakwama pale pale yanapokwama siku zote. Alitazama watu watatu wazima. Alitazama madumu kumi na manne matupu yaliyofungwa nyuma ya pikapu. Kisha akaenda kwenye bomba, akavuta mpira wa kuoshea magari, akapanda nyuma, akafungua dumu la kwanza na kulijaza maji.

"We Msasa!" Fundi aliita. "Unaosha kilichooshwa?"

Akajaza la pili.

"Hee! Binti, usinitilie maji kwenye madumu!" Mama Maziwa alipiga kelele. "Mtu akipita hapo, kesho mji mzima utajua nachanganya maziwa!"

"Mwache," alisema Mzee.

"Nimwache vipi?"

"Mwache, nakuomba. Huyu hafanyi kitu bure."

La tatu, la nne, la tano. Maji yalimlowesha gauni mpaka magotini. Hakuthubutu kumtazama mtu. Alisikiliza tu sauti ya dumu inavyobadilika linapojaa, na springi za gari zinavyolia chini yake. Lilipofika dumu la nane, kelele za uwanjani zilikuwa zimekwisha. La kumi na nne lilipojaa, alishuka, akafunga bomba, akageuka kuona.

Nyuma ya gari ilikuwa imekaa chini. Pua ilikuwa imeinuka. Ukutani, mwanga ulikuwa umeuacha mstari wa chaki na kupanda shibiri nyingi juu yake. Nusu yake ilikuwa imeuvuka ukuta kabisa, na ng'ambo ya pili mti wa jirani ulikuwa umewaka wote, jani kwa jani.

"Miti," Mzee alisema polepole.

Fundi Nyaya alikwenda hadi ukutani. Aliweka kiganja kwenye mstari wake, akakiweka kingine pale mwanga ulipoanzia, akabaki hivyo kama mtu anayepima kitambaa.

"Gari haliji gereji na mzigo," alisema. "Miaka ishirini na mbili. Miaka ishirini na mbili napima magari yenye njaa! Yakishiba yanakwenda kutazama mbingu, na mimi sijui!"

"Zamani sikuwa na shida," alisema Mzee. "Imeanza..."

"Imeanza nilipoongeza madumu," Mama Maziwa alimalizia. "Yalikuwa manane. Masika nikaongeza sita." Alirekebisha mkoba begani. "Kumbe nguzo nimeigonga mimi."

"Tuligonga wote," alisema Mzee. "Mimi nilikuwa nimeshika usukani."

Fundi alirudi kwenye taa na bisibisi. Safari hii hakupiga soga. Alishusha mwanga, kidogo kulia, kidogo kushoto, mpaka ukakaa kwenye mstari huku gari limebeba. Kisha akampa Msasa ile bisibisi.

"Nenda naye," alimwambia. "Hapa nimepima maji. Mkirudi na maziwa, shuka uangalie. Mwanga ukikaa vibaya, unajua pa kuzungusha."

"Mimi?"

"Kwani hapa nani mwingine ameona?"

Mama Maziwa aliutazama ufunguo uliokuwa bado kiganjani mwa Mzee. Alivikunja vidole vya Mzee juu yake, kimoja kimoja.

"Mwageni maji yangu," alisema, "mwende. Wafugaji wamesubiri saa nzima, na ng'ombe hawajui habari za taa."

*

Walirudi na mzigo saa tatu. Maziwa yalikuwa mazito kidogo kuliko maji, au labda Msasa aliona hivyo tu. Mahali palipokuwa tambarare alishuka, akatembea mbele ya gari, akatazama mwanga umelala barabarani mbele yake, mrefu, kama mkeka uliotandikwa. Alizungusha skrubu ya kushoto robo mzunguko. Akapanda tena.

Mzee aliendesha bila kuegemea kioo. Mgongo wake ulikuwa umegusa kiti, jambo ambalo Msasa hakuwa ameliona kwa miezi mingi. Shimo lilionekana, akalikwepa. Daraja likaonekana, na nguzo yake yenye kovu. Walipita katikati, polepole, kwa heshima, kama watu wanaopita mbele ya mkwe.

"Macho yangu mazima," Mzee alisema. Akakohoa kidogo. "Umesikia? Mazima kabisa. Nilikuwa nimeshaanza kuyaaga."

Baada ya daraja yalianza mawe. Yalikuwa yamepakwa chokaa, yamepangwa ukingoni tangu hapo hadi hospitali ya mjini. Moja lilitoka gizani, jeupe, likapita. Jingine likaja.

"Moja," alisema Msasa.

"Nini?"

"Mbili." Alikuwa ameshika bisibisi kwa mikono yote miwili. "Tatu."

Mzee aliondoa mguu kwenye mafuta. Gari likaenda kwa uzito wake wenyewe, na mawe yakawa yanakuja taratibu. Alikuwa akiyatazama, midomo yake ikihesabu.

"Usiku ule wa homa ulifika mia mbili na kumi na nne," Msasa alisema. Yalikuwa maneno mengi kwake, lakini hayakukwama. "Ulikuwa umetoa kichwa dirishani, unayatafuta kwa tochi. Ulisema, usiondoke mwanangu, tuyamalize kwanza."

Jiwe likapita. Na jingine.

"Sikuwa nimelala, baba. Nilibaki kwa sababu yalikuwa hayajaisha."