Katoni ya Bi Kidawa

Siku aliyotoka eda, Fathiya alitaka jambo moja tu: kwenda Jambiani. Miezi minne na siku kumi alikaa ndani, nyumbani kwao Chukwani, na kaburi la mumewe Haitham, lililoko huko Jambiani kwa mama yake, alilijua kwa kuhadithiwa. Wanawake hawendi kuzika, na mwenye eda ndiyo kabisa. Sasa alitaka aende mwenyewe, kwa gari yao, njia ile ile waliyokuwa wakipita wawili.

Na gari nayo, kumbe ilikuwa na yake. Kuiwasha tu, moshi ukapanda mbele, na chini dimbwi jeusi. Si kwamba zamani haikuvuja. Ilivuja miaka na miaka, na Haitham popote alipoegesha alitia kipande cha katoni chini, asiwachafulie watu ua. Lakini tone ni tone, dimbwi ni habari nyengine.

Fundi wa kwanza aliinama kidogo, akatikisa kichwa, akasema injini ishushwe ifunguliwe yote. Mafundi wengine bwana, ukiwapelekea kidonda cha kidole watataka mkono mzima! Na Jambiani, akamwambia, asithubutu, oili ikimalizika njiani injini itakufa. Fathiya alirudi ndani akalia. Hakuililia gari. Alilia kwa sababu alitaka kufika kwa Haitham akiwa amekaa kwenye kile kiti cha Haitham.

Jirani yao Ubwa, fundi wa zamani mwenye ulimi mkali, akazipata habari.

"Kaiona oili inapotoka?" aliuliza.

"Hakuangalia sana."

"Basi kapiga ramli huyo."

Akapima oili kwa kijiti cha injini, akaona imepungua lakini ipo. Akaiosha injini kwa sabuni, akaifuta mpaka ikakauka. "Oili husambaa, Bi Fathiya. Inapodondokea sipo inapotokea. Nletee poda."

Ndani mlikuwa na poda moja tu, kopo la Haitham, aliyokuwa akijipaka shingoni kila akitoka kuoga. Fathiya alisimama nalo mlangoni kwa muda, kisha akalitoa. Ubwa akainyunyizia injini ikawa nyeupe tupu, akawasha gari.

Injini ilipopata moto, harufu ikapanda. Ilikuwa harufu ya shingo ya Haitham, saa za magharibi, akitafuta kofia yake. Fathiya akasogea karibu na injini. Alimtamani mumewe pale kuliko siku zote za eda.

"Nimemkumbuka," alisema.

Ubwa alizima gari, akajifanya anatafuta kitambaa.

Poda ilikuwa kavu kote ila mstari mmoja mweusi, ulioanzia juu kabisa, kwenye kifuniko cha kutilia oili, ukateremka hadi kwenye bomba la moshi. Ubwa akakifungua. Mahali pa mpira palikuwa na duara lililokatwa kwa mkasi kwenye kandambili ya buluu, limekakamaa na kupasuka.

"Mumeo huyu," Ubwa alicheka. "Mpira wa dukani ulimshinda?"

"Akisema wake mzuri zaidi."

Mpira mpya ulipatikana Darajani kwa bei isiyotosha kilo ya samaki. Ubwa akaupachika, akaongeza oili mpaka kwenye alama, akaiacha injini ikiwaka nusu saa. Haikutoa hata jasho. Lile duara la kandambili Fathiya alilitia mkobani, liwe lake peke yake.

Jambiani, Bi Kidawa, mama yake Haitham, alipousikia mlio wa gari alitoka mbio. Kabla ya salamu alikuwa keshapiga magoti, anasukuma katoni chini ya injini, kama alivyomfanyia mwanawe kila alipokuja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Niliihifadhi ndani, isilowe."

Wakaenda kaburini, wakasoma Yasini, wakarudi. Bi Kidawa akainama akaivuta katoni. Akaigeuza upande huu na upande huu, akaipapasa kwa kiganja. Ilikuwa kavu.

"Imetengenezwa, mama," Fathiya alisema.

"Naona." Bi Kidawa aliikumbatia katoni kifuani. "Bora ungeiacha ivuje."

Fathiya akafungua mkoba, akamtia kiganjani lile duara la buluu. "Kalikata mwenyewe, mama, kuzibia oili." Bi Kidawa alilitazama, akakunja ngumi, wala hakuifungua tena mpaka mgeni wake alipoondoka.