Gitaa la Baba Evod Lisilo na Waya

Mbuzi alikuwa amekwisha kuchinjwa, kuokwa na kuvishwa taji la majani, lakini siku ile ukumbini Kibaoni alikimbia tena. Shangazi wawili kutoka Mkula walikuwa wakimwingiza kwa madaha juu ya sinia, mmoja huku, mwingine huku, viuno vikienda, wa mbele akajikwaa kwenye waya wa gitaa la Eustaki. Mbuzi akateleza sakafuni, akapita chini ya meza ya maharusi, akasimama miguuni pa padri. Upande wa bwana harusi wanacheka mpaka leo. Upande wa bibi harusi hawajaanza.

Kwa hiyo Mama Kabula, alipokuja kuikodi bendi hiyo hiyo kwa sendoff ya kumuaga binti yake, hakuzunguka.

"Sitaki waya sakafuni," alimwambia Aurelia. "Na sitaki mumeo apige gitaa mpaka wali upoe. Nikiona kimojawapo, hamtanisikia tena. Bendi ya Mlimba inasubiri simu yangu."

Aurelia ndiye aliyepiga besi na kuiendesha bendi. Eustaki, mumewe, alipiga solo na kupendwa. Msimu wa sherehe ulikuwa mmoja tu, baada ya mavuno ya mpunga, na hapakuwa na kamati ya sherehe Ifakara ambayo Mama Kabula hakuikalia. Kumkosa yeye kulikuwa kuukosa msimu.

La waya lilikuwa na dawa dukani. La pili ndilo lililomkosesha Aurelia usingizi, maana waya ule ulikuwa na kazi mbili, na Eustaki aliijua moja. Solo ikizidi, Aurelia aliukanyaga akauvuta kwa kisigino, taratibu. Eustaki akageuka, akakumbuka kuna watu wengine duniani, akamalizia. Miaka yote hiyo aliamini mkewe ana viatu vibaya.

Duka la Mudathiri la vyombo vya muziki lilikuwa ubavuni mwa mashine ya kukoboa mpunga, na mteja alitoka pale na pumba kwenye nyusi hata kama hakununua kitu. Mudathiri aliweka mezani seti mbili. Kila seti ilikuwa na kidude cha kuchomeka kwenye gitaa, na kipokezi cha kuchomeka kwenye spika. Ya kwanza ilikuwa ndogo kama kiberiti, ikiwaka taa ya buluu. Ya pili ilikuwa boksi jeusi lenye antena mbili, kama redio ya babu.

Eustaki alichomeka ile ya buluu, akapiga. Sauti ikatoka safi. Akafunga macho.

"Mama Evod, tumemaliza," alisema.

"Hatujaanza. Mudathiri, chaji ikiisha katikati ya shughuli?"

"Unachaji, dada."

"Kwa umeme wa nani?"

Mudathiri akacheka kidogo. "Hii nyeusi inatumia betri za tochi. Ila watu wanapenda ya taa."

"Watu wanaipendea dukani. Humu tupo watatu. Ukumbini tutakuwa wangapi?" Akatoa simu, akapiga. "Mama Beatus, njooni."

Walikuja akina mama wote wa kwaya, waliokuwa wakisubiri kwenye kivuli cha mashine, na hapakuwa na mwembamba kati yao. Duka likajaa. Mudathiri, akidhani Mungu amemkumbuka, akaanza kuwakaribisha kwa bei.

"Hawanunui," Aurelia alimwambia. "Hawa ni wageni waalikwa. Jamani, washeni hotspoti, kila mtu. Kisha simameni hapa katikati, mbanane kama mnasubiri keki."

"Mimi nisimame wapi?" aliuliza Mama Beatus.

"Wewe mbele kabisa. Wewe ni ukuta."

"Ipo siku na mimi nitakuita ukuta," Mama Beatus alisema, lakini akasimama.

Eustaki akapiga kutoka mlangoni. Gitaa likatoa neno moja, likakwama, likakohoa kama pikipiki iliyoingia maji, likanyamaza. Taa ya buluu iliendelea kuwaka vizuri sana.

"Imeshikwa na simu," Mudathiri alikiri. "Inapita njia ile ile ya intaneti zenu. Hiyo nyeusi ina njia zake, unatafuta iliyo tupu."

Wakachomeka nyeusi, Mudathiri akatafuta chaneli iliyo tupu. Eustaki akapiga, akina mama wakiwa pale pale, simu zikiwaka, mashine ya mpunga ikinguruma. Sauti haikutikisika. Akatoka nje akipiga, akavuka barabara. Dukani gitaa lililia kana kwamba yupo. Halafu likaanza kulia nusunusu, na Aurelia alipochungulia alimwona mumewe mbele ya banda la chipsi, mkono mmoja kwenye nyuzi, mwingine kwenye sahani.

"Kifaa kizuri," alisema Mama Beatus. "Utamwona tena Pasaka."

Aurelia alikinunua hata hivyo. Kisichokatika ni kisichokatika. Ila njia nzima alikuwa na kipokezi mapajani, akikigeuzageuza.

Siku ya sendoff, mbuzi aliingia ukumbini kwa heshima zake, akafika. Baada ya mbuzi, MC Gasper, aliyekwisha kumwaga maneno mengi kwenye maikrofoni yake isiyo na waya, alitoa ishara kwamba muziki ufungwe, chakula kiandaliwe. Eustaki hakuona ishara. Alikuwa kule mwisho kabisa, kwenye meza za wageni wa Mngeta, amepiga goti moja mbele ya bibi wa Kabula, na solo ndiyo kwanza inachanua. Mama Kabula alisimama karibu na mabakuli ya wali. Aliweka tu kiganja juu ya mfuniko, kama anayepima homa ya mtoto, akamtazama Aurelia.

Aurelia alinyoosha mkono nyuma yake, juu ya spika, pale kipokezi kilipokaa. Kilikuwa na kitufe cha kuongeza na kupunguza sauti. Akakizungusha kidogo.

Kule kwenye meza za Mngeta gitaa likafifia. Eustaki akalitazama, akalitikisa, akarudi hatua moja. Aurelia akampa sauti kidogo. Eustaki akasonga tena, sauti ikaongezeka. Akajaribu kurudi kwa bibi, ikazimika. Akaja jukwaani kama kuku anayefuata punje, na alipokanyaga ubao wa jukwaa alikuta gitaa lake zima zima, mkewe akitikisa kichwa kwa upole. Wakafunga wimbo. Wali ulipopakuliwa ulikuwa ukitoa moshi.

"Mwezi ujao ni kwa mdogo wangu, kule Chita," alisema Mama Kabula akipita na sahani. "Msichelewe."

Jumatatu walikwenda kwa Mudathiri kununua betri.

"Kitu kizuri," Eustaki alimwambia, "ila hakifiki mbali. Kikifika meza ya tatu kinachoka."

Mudathiri, aliyekuwa amekisikia kikipiga kutoka banda la chipsi, alifungua mdomo. Akamtazama Aurelia. Akaufunga.

"Ukumbi ukijaa huwa hivyo, kaka," alisema. "Usitoke mbali."

"Nilijua," Eustaki alisema, akatoka nje kutazama chipsi.

Mudathiri alihesabu betri bila kuinua uso. "Kingine, dada?"

"Kimoja tu," Aurelia alisema. "Ile maikrofoni ya MC Gasper. Kipokezi chake huwa anakiweka wapi?"