Kichwa cha Doto

Kila Jumamosi asubuhi mapacha wale walioshana nywele uani. Walianza tangu wadogo, mama yao akiwainamisha juu ya beseni moja, na hawakuacha hata walipokuwa wanawake wazima wenye kazi zao. Kurwa, aliyetangulia kuzaliwa, alikuwa mwoka mikate. Doto, aliyemfuata, alikuwa fundi cherehani. Sura moja, sauti moja, hata kupiga chafya walipiga namna moja. Waliishi pamoja katika nyumba ya vyumba viwili, na siku zote waliamini kwamba wao ni mtu mmoja aliyegawanywa kwa haraka.

Hata ndoto waligawana. Doto alikuwa akiamka na mwanzo wa ndoto, anausimulia wakinywa chai, na Kurwa anammalizia.

"Halafu ule mlango ukafunguka, si ndiyo?"

"Ukafunguka!" Doto anashangaa. "Umejuaje?"

"Nilikuwepo," anasema Kurwa, na kuchovya mkate.

Kurwa alishinda mbele ya tanuri, na kichwa chake kilikuwa na mafuta mengi. Akiosha nywele leo, keshokutwa zimelala chali, zinanata. Alihangaika na sabuni za kila aina mpaka alipolipata duka la Mama Povu, mwanamke mmoja mnene mwenye kucheka sana, aliyetengeneza shampuu za asili mwenyewe na kuziuza katika chupa zisizo na maandishi mengi. Mama Povu alimpa chupa ya kijani, ya mwarobaini na ndimu. Baada ya kuoshea mara kadhaa, kichwa cha Kurwa kikawa chepesi, nywele zikasimama zenyewe. Alirudi nyumbani akiitangaza chupa ile kama mtu aliyeokoka.

"Itatutosha wote," alimwambia mdogo wake. "Kichwa changu na chako si kimoja?"

"Kimoja," alijibu Doto, akainama juu ya beseni.

Shampuu ilinukia vizuri mno. Doto alifumba macho, povu likimshuka shingoni, akajiona anatembea katikati ya majani mabichi marefu kumpita, ardhi laini chini ya nyayo, na mahali fulani mbele maji yanatiririka ila hayaonekani. Angependa kubaki humo. Lakini nywele zilipokauka, ngozi ya kichwa ilianza kumvuta, kama nguo iliyoshonwa kwa kitambaa kisichotosha. Jumamosi iliyofuata ikavuta zaidi. Kisha kukaja kuwashwa, na baada ya kuwashwa, mba, magamba meupe yaliyobaki kwenye chanuo na kwenye foronya.

Kurwa alikuwa akimsugua kwa furaha kubwa, vidole vyake vyenye nguvu za kukanda unga vikizunguka na kuzunguka, akimwuliza, "Unasikia inavyofanya kazi?" Na Doto alikuwa akisema ndiyo, naisikia.

Wakati huo kwaya moja ilikuwa imeagiza majoho meusi katika duka la ushonaji alikofanya kazi. Doto alishinda ameinamia kitambaa cheusi, cherehani ikinong'ona chini ya mikono yake, na kila alipotikisa kichwa vipande vyeupe vilidondoka. Mara ya kwanza alivitazama tu. Mwanga wa dirishani ulikuwa umetulia mezani, na juu ya weusi ule vipande vile vilitawanyika kama nyota, vingine viwili viwili, vingine peke yake mbali. Alikuwa ameshaanza kuvitafutia majina alipokumbuka vimetoka wapi. Akavipangusa kwa kiganja.

Kiongozi wa kwaya alipokuja kujaribu joho lake, alijitazama kwenye kioo akageuza bega.

"Fundi, nini hii?"

"Chaki," alisema Doto haraka. "Ni chaki tu ya kuchorea."

"Basi chaki yako inanyesha," yule bwana alisema akijikung'uta, na wote dukani wakacheka. Doto naye alicheka. Masikio yalikuwa yakimwaka moto.

Usiku ule aliota unga unashuka kutoka darini, taratibu, bila sauti, unafunika majoho yote, naye anafagia, na kila anapofagia sakafu inakwenda mbali zaidi. Asubuhi aliisimulia, kisha akamsubiri dada yake amalizie.

Kurwa alikuwa anapiga miayo. "Mimi leo sikuota hata kidogo. Nimelala kama gogo."

Ni jambo dogo, mtu kulala fofofo. Lakini chai ya Doto ikapoa bila kuguswa. Alipotoka kazini jioni hakwenda nyumbani, alikwenda kwa Mama Povu.

Duka lilikuwa chumba kirefu chembamba chenye rafu mpaka juu. Jua la jioni lilipita katika chupa, za kijani, za kahawia, za rangi ya chai hafifu, na rangi hizo zikatandazwa sakafuni kiasi kwamba Doto aliona aibu kuzikanyaga. Hewa ilinukia maua yaliyokaushwa, na asali, na kitu kingine chenye ubaridi ambacho hakukijua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umerudi mapema hivi? Chupa mnaiogea au mnainywa?"

Doto alizoea kudhaniwa dada yake, hakuona haja ya kusahihisha. "Bado ipo, mama. Ila kichwa kinaniwasha kidogo."

"Kinakuwasha?" Mama Povu alivuta kigoda karibu na dirisha. "Hebu kaa hapa, vua kilemba."

Vidole vyake vilikuwa vya moto na havikuwa na haraka. Viligawa nywele, vikapita juu ya ngozi, vikabonyeza, vikahamia kwingine. Doto alihisi usingizi unampanda kutoka miguuni. Ghafla vidole vikasimama.

"Wewe siye yule," alisema Mama Povu.

"Mama?"

"Yule wa mikate kichwa chake nakijua, kina mafuta kama kikaango, vidole vinateleza. Hiki ni kikavu, kina kiu. Na hapa nyuma ya sikio umejikuna mpaka umejichubua. Wewe ni nani?"

Walimu waliwachanganya, majirani waliwachanganya, hata mama yao aliwahi kumpa mmoja dawa ya mwenziwe. Na sasa mtu alikuwa amemtambua kwa kumpapasa tu, bila kumtazama usoni.

"Mimi ni Doto," alisema, na sauti ilimtoka kwa uoga kidogo.

"Haya, Doto. Nani alikwambia utumie ile ya kijani?"

"Dada. Na kwa kuwa ni ya asili, nilijua haina neno."

Mama Povu aliangua kicheko mpaka chupa zikagongana. "Upupu nao ni wa asili, mwanangu. Jipake uone! Ndimu na mwarobaini vinakata mafuta. Dada yako anayo ya kukatwa. Wewe ulikuwa na kidogo, nacho mmekikomba chote." Akaketi mbele yake. "Mtu haanzi na chupa, anaanza na kichwa. Ukishaosha, siku ya pili kinakuwaje? Kinanata au kinakuvuta?"

"Kinanivuta."

"Na nywele zenyewe? Zinakatika?"

"Kwenye ncha. Zikilowa zinachukua siku nzima kukauka."

"Kazini unakaa juani, au ndani?"

Doto alijibu taratibu, kila swali likimfanya afikiri. Hakuna aliyewahi kumwuliza habari za kichwa chake kama nchi ya peke yake, yenye mvua zake na kiangazi chake. Mwishowe Mama Povu alipanda kiti, akashusha chupa yenye kitu kizito cheupe: mshubiri, asali na mafuta ya nazi.

"Hii povu lake ni dogo, usije ukadhani haifanyi kazi. Kwanza paka tone ndani ya mkono, ungoje mpaka kesho. Isipokuwasha, osha kwa maji ya uvuguvugu, na usisugue kama unayeosha sufuria. Vidonda vikigoma kupona, nenda kwa daktari wa ngozi, usinifuate mimi."

Jumamosi iliyofuata Doto aliosha nywele peke yake kabla dada yake hajarudi kutoka zamu ya alfajiri. Kurwa alipoingia uani alisimama, akanusa hewa.

"Nani amekuja humu?"

"Hakuna. Ni mimi."

Kurwa aliiona chupa nyeupe karibu na beseni. Uso wake ulibadilika. "Yangu imekukosea nini?"

"Inaniunguza, dada. Tangu mwanzo."

Kurwa alikaa kwenye ngazi na unga wake nguoni. "Tangu mwanzo? Nami nakusugua kwa nguvu zangu zote, nakuuliza, unaniambia unaisikia!"

"Nilikuwa naisikia kweli."

Kurwa alitaka kukasirika, akashindwa, akacheka, kisha macho yakamjaa machozi. "Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa. Nikisema si yangu, ni kama kusema mimi si wewe."

"Lakini wewe si mimi," alisema Kurwa.

Maneno yalikuwa yamekwisha kutoka, na uani palikuwa vilevile, kamba ya nguo, ndoo, kivuli cha ukuta.

"Hata zile ndoto," Kurwa aliendelea, akiangalia vidole vyake, "nyingi nilikuwa nabahatisha. Ndoto zako zote zina mlango. Nikisema umefunguka, napatia."

Doto alimkodolea macho. Kisha alicheka mpaka maji yakamrukia kutoka kwenye nywele, na Kurwa akacheka naye, wakashikana ili wasianguke.

Kichwa hakikupona mara moja. Magamba yalipungua polepole, pale nyuma ya sikio pakafunga, na mwezi mwingine Doto aligundua kwamba ameshona siku nzima bila kuinua mkono kujikuna. Kurwa, kwa udadisi, alijaribu chupa nyeupe mara moja tu. Nywele zilimlala kichwani kana kwamba amepakwa siagi, na bosi wake akamwuliza kama amenyeshewa.

Waliendelea kuoshana. Jumamosi moja yenye mawingu mepesi Kurwa alimimina maji kwa jagi, kidogo kidogo, kiganja chake kikiyakinga yasiingie machoni mwa mdogo wake.

"Hapa panauma?" aliuliza.

"Hapana."

"Na hapa?"

Doto alifikiri. "Hapo punguza nguvu."

Kurwa akapunguza. Doto alilegeza shingo, akaacha kichwa chake chote kiwe mzigo wa mikono ile.