Chungu Chini ya Kitanda

Kila alasiri, akishateka maji bondeni na kuyapandisha mlima wote ule hadi Nachihuva, Perpetua alipitia Nyumba ya Tiba kabla ya kwenda kwake. Alitua ndoo kibarazani, akajifuta jasho kwa ncha ya kanga, akaingia kumwona mumewe, Selestini. Usoni hakumwangalia kwanza. Aliinama, akavuta chungu kilichokaa chini ya kitanda, akachovya kidole, akaonja.

Walevi wote waliolazwa pale walitokwa na pombe visiginoni. Ilianza siku mtu alipoacha kunywa, kila jua lilipoinama, tone kwa tone, ikakoma wakati wa chakula cha jioni. Ilitoka kinyumenyume: aliyoinywa mwisho ndiyo iliyotangulia, ya ujanani ikaja nyuma. Likishatoka lile funda la kwanza kabisa la maisha yake, mtu alikuwa amepona, akakunja mkeka wake akaenda kulima. Bwana afya alisema hayo ni ya kawaida. Wazee waliosoma misheni kule Lulindi nao walisema ni ya kawaida, ila yananuka.

Selestini alianza na nipa, ile kali ya kukereketa koo, aliyoizoea tangu aliporudi kutoka ng'ambo ya Ruvuma alikokwenda kuwabebea mizigo wapigania uhuru. Alikwenda mtu wa soga na vicheko, akarudi mtu wa kutazama ukuta. Akisikia ndege ya Mreno, hata ikiwa mbali huko, mkono ulitafuta chupa. Nipa ilipokwisha ukafuata uraka, pombe ya mabibo, na huo Perpetua aliujua barabara, maana mwingi aliukamua yeye mwenyewe na kumuuzia mume wa kila mtu, wake akiwamo. Alikuwa akiuonja huku roho ikimuuma, kisha anaumwaga chini ya mikorosho, maana wakati huo ulikuwa bado unamwagwa.

Masika yalipokaribia kwisha, chungu kikawa na pombe ya mtama yenye ladha ya kuungua. Perpetua akaketi sakafuni. Ilikuwa pombe ya harusi yao, ya mwaka ule bendera mpya ilipopandishwa. Mama yake aliisahau jikoni, ikashika chini, na wageni waliinywa hivyo hivyo wakaisifu kwa adabu. Aliyeikataa alikuwa mmoja tu, Anselmo, mdogo wake Perpetua, ambaye pombe hakuwahi kuitia kinywani wala kueleza kwa nini.

"Tumefika harusini," Perpetua akamwambia mumewe.

"Basi hakujabaki kitu," Selestini akasema. "Kabla ya harusi nilionja kwa mjomba, na siku tuliyotoka jandoni. Basi."

Siku hiyo Perpetua alifurahi, na hakuficha. Alifika nyumbani akafagia uwanja mara mbili, akaliteremsha jembe la Selestini darini, akalitia mpini mpya.

Juma lililofuata chungu kilikuwa na uraka.

Perpetua akaonja tena. Wala haukuwa uraka wake, ulikuwa wa mkono mwingine. Alimtazama mumewe, sasa usoni, kwa muda mrefu. Selestini aliapa kwa jina la mtoto wao Dominika kwamba hajanywa. Alionekana kusema kweli, na hilo ndilo lililomtia Perpetua wasiwasi zaidi.

Akaanza kumshuku kila mtu. Alimshuku Nikolao, mhudumu, akamnusa kila alipopita. Alimshuku Priska, mama wa kijana wa kitanda cha jirani, kwa sababu uji wake ulikuwa mzito kupita kiasi. Alimshuku hata Anselmo, aliyemletea shemeji yake ugoro kila Jumapili. Alimpekua mifuko mbele za watu.

"Dada, mimi?" Anselmo akauliza.

"Hata wewe. Mkono wa mtu upo humu ndani."

Anselmo akaigeuza mifuko yake nje, akaitikisa, akaondoka bila kuaga. Jumapili iliyofuata hakuja.

Ukweli ni kwamba nyumba ile ilikuwa imebadilika tangu alipokuja Bwana Ambakisye wa Halmashauri. Zamani ilikuwa banda la udongo lililojengwa na wanakijiji kwa siku zao za kujitolea, walipokusanywa Nachihuva kuanza ujamaa, na Halmashauri iliitupia fungu dogo la fedha kila ilipokumbuka. Bwana Ambakisye, mtu wa Rungwe, mpole, mwenye kalamu mbili kifuani, alikuja kukagua wakati wa alasiri. Akasimama katikati ya matone.

"Hii mnaipeleka wapi?" aliuliza.

"Tunamwaga," Nikolao akajibu.

"Msimwage. Itakwenda kupimwa."

Basi vyungu vikawa vinamiminwa katika madebe, na landrova ikawa inapanda kutoka Kitangari kuyachukua. Fungu likaongezeka. Yakaja mabati, magodoro, blanketi za kijivu na kibao kilichopakwa rangi. Watu walishukuru. Mwezi wa nne, wakati mikorosho haina hata ua, kilabu cha Halmashauri sokoni kilikuwa na uraka tele, na wanywaji hawakuuliza umetoka wapi. Kisha baadhi ya wagonjwa wakapona, vitanda vikawa vitupu, na hapo ndipo Halmashauri ilipoleta dawa.

Dawa iligawiwa na Nikolao kila jua lilipozama, kikombe kwa kila mgonjwa. Perpetua hakuwa ameitazama vizuri, kwa sababu saa hiyo huwa yuko jikoni kwake. Siku moja akakaa makusudi. Landrova ikafika, dereva akashusha debe la dawa, akapakia madebe ya pombe ya chini ya vitanda. Debe la dawa lilikuwa na bonyeo ubavuni. Perpetua alilijua bonyeo lile. Alikuwa ameliona juma lililopita likiondoka, limejaa, likienda kupimwa.

Akachukua kikombe cha Selestini kabla hakijafika mdomoni, akanywa. Ulikuwa uraka uliotiwa majani ya mwarobaini.

"Nikolao, unajua unachogawa?"

"Najua, Mama Dominika. Mimi nagawa kinacholetwa."

Mkutano wa kijiji ulipoitishwa, Perpetua alisimama akasema yote: debe, bonyeo, mwarobaini, kilabu. Alisema pombe inatoka kwa waume zao, inauzwa, na inayobaki inarudishwa ndani ya waume zao ili itoke tena. Watu waliitikia kwa vichwa. Kumbe wengi walikuwa wakijua.

Bwana Ambakisye alisimama, akamwamkia mzee mwenyekiti shikamoo, akasubiri marahaba yake, ndipo akasema.

"Mama Dominika amesema kweli, na mimi sipendi kumbishia mtu mkweli. Nyumba hii inaendeshwa kwa ushuru wa kilabu. Kilabu kikikauka, ushuru hakuna. Ushuru usipokuwapo, tiba hakuna. Wagonjwa wakipona wote kwa mpigo, ndugu zangu, tutawatibu kwa fedha gani?"

Watu wakafikiri. Mwenyekiti akasema hesabu hiyo imekaa sawasawa, akamshukuru mgeni kwa kutoficha. Makofi yakapigwa, si mengi, ila yalipigwa.

"Mimi namchukua mume wangu," Perpetua akasema.

"Mchukue. Hapa hafungwi mtu. Lakini kitanda kikilala kitupu mpaka Ijumaa, nyumba itafungwa, na waliomo mtagawana wenyewe majumbani."

Hapo ndipo wanawake wenzake walipogeuka kumtazama. Priska alikuwa ameshika shavu.

"Mwenzetu, unatuponza," akasema kwa sauti ya chini. "Mwanangu akirudi nyumbani atanichomea nyumba."

Alitaka mumewe, na hakuona aibu kumtaka, lakini macho ya Priska hayakumtoka usoni.

Anselmo alikuwa amesimama nyuma, mifuko yake bado imegeuzwa nje.

"Nitalala mimi," akasema.

"Wewe hunywi," Perpetua akasema.

"Ndiyo maana. Nitawatolea nini?"

Bwana Ambakisye alisema Halmashauri haina pingamizi, maana fungu linahesabu kitanda, halihesabu mlevi.

Selestini akarudi nyumbani. Perpetua aliweka chungu chini ya kitanda chao, akamwaga kila kilichotoka, mpaka uraka wa watu ukaisha, ikafuata ya mavuno kwa mjomba, na mwisho ile ya jandoni, tamu, yenye asali. Baada ya hapo visigino vikawa vikavu. Selestini akashika jembe lenye mpini mpya. Ndege ya Mreno ikipita aliketi chini, akaweka mikono magotini mpaka sauti iishe, kisha akaendelea kulima. Jioni alianza tena kusimulia, kidogo kidogo, na Dominika akacheka.

Siku za mwanzo Nikolao alimletea Anselmo kikombe, Anselmo akakataa.

"Mimi pombe sinywi."

"Siyo pombe, ni dawa. Kila anayelala hapa hunywa dawa, kanuni ni moja. Asiyekunywa si mgonjwa, na asiye mgonjwa hakijazi kitanda."

Anselmo akatazama vitanda vya wenzake, akanywa.

Perpetua aliendelea kupitia pale na ndoo yake. Visigino vya mdogo wake vilikuwa vikavu, vyenye vumbi la shamba. Alifurahi, na bado akavitazama kila siku. Halafu alasiri moja, kabla hajatua ndoo, akasikia tone. Akavuta chungu, akachovya kidole.

Mtama, na ladha ya kuungua.

"Ni nini?" Anselmo akauliza.

"Ya harusi yangu."

"Ile niliyoikataa?"

"Hiyo hiyo. Ilitoka kwa Selestini, ikaondoka na landrova, imerudi kwako."

Anselmo akalamba midomo.

"Tulimsingizia Mama bure," akasema. "Si mbaya."

Perpetua akasema atamtoa kesho, atafute mtu mwingine wa kulala pale, hata yeye mwenyewe. Lakini Anselmo hakuwa akimsikiliza. Alikuwa amegeukia mlango, kichwa amekiinua, anasikilizia upande wa Kitangari.

"Leo landrova imechelewa," akasema.